Mama ana magoti mabovu na sisi tunataka bahari: tulale Taormina au tusilale?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Mdogo wake anahitimu chuo Roma mwanzoni mwa Julai. Yeye na mama yao, mwenye miaka 67, watakwenda kwenye sherehe, kisha wanataka kupumzika siku nne Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia. Aliona Taormina kwenye ile tamthilia ya Marekani iliyopigwa huko mwaka 2022 na moyo wake umenasa hapo. Anauliza: mama magoti yanamsumbua, ataweza? Watalala wapi ili wawe karibu na maji? Wao ni Waislamu, watakula nini? Na je, wapande ndege kutoka Roma au kuna namna nyingine?

Wa alaykum salaam dada, na hongera kwa mdogo wako.

Nianze na jambo ambalo picha zinalificha. Mji wa Taormina umekaa juu ya jabali, takriban mita 200 kutoka usawa wa bahari. Unaamka, unafungua dirisha, maji yale yote ya buluu yako mbele yako, lakini ukitaka kuyagusa mguu lazima ushuke. Kushuka ni kwa basi kwenye barabara ya kona kona, au kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya ambacho wenyewe wanakiita funivia, kinachokufikisha ufukwe wa Mazzarò kwa dakika chache. Kuna njia ya miguu pia, ngazi tupu. Mama asiisikie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: laleni chini, Giardini Naxos, na mpande Taormina asubuhi mapema siku moja na jioni siku nyingine. Mawakala wengi watakwambia kinyume, kwamba ukienda huko ni lazima ulale juu. Kwa maharusi wenye pesa na magoti mapya, sawa. Kwa ninyi, hapana.

Giardini Naxos ni mji wa tambarare uliojinyoosha kando ya ghuba, una barabara ndefu ya ufukweni yenye mabenchi, na unatoka hotelini ukavuka barabara ukawa umefika majini. Hauna uzuri wa Taormina, nikuambie ukweli. Majengo mengi ni ya juzijuzi, hoteli zake ni za kawaida, na usiku vijana wanapiga muziki kwenye baa za ufukweni. Lakini mama atatembea kwa miguu yake mwenyewe bila kukuomba mkono kila hatua, na bei ya chumba kwa kawaida iko chini sana ya ile ya juu. Baada ya tamthilia uliyoitaja, bei za Taormina kwenye msimu wa joto zimekuwa za watu wengine kabisa. Hoteli iliyoonekana humo, San Domenico, ilikuwa nyumba ya watawa kwa karne nyingi, ikageuzwa hoteli mwaka 1896. Katika Vita vya Pili makamanda wa Kijerumani walijiweka humo, na Julai 1943 ndege za Washirika zikaipiga mabomu. Mnaweza kuitazama kwa nje bila kulipa kitu.

Huu mgawanyo wa juu na chini, usidhani umeletwa na watalii. Wagiriki wa kwanza kuweka makazi Sicily walitua hapo chini, Naxos, mwaka 734 kabla ya Kristo kwa hesabu inayokubalika. Walichagua pale kwa sababu zilezile zinazonifanya nikupeleke wewe: ghuba tulivu, ardhi tambarare, maji karibu. Mwaka 403 kabla ya Kristo mtawala wa Syracuse, Dionysius, akaubomoa mji wao. Miongo michache baadaye, mwaka 358, walionusurika walikusanywa jabalini juu, mahali ambapo adui angepata taabu kufika, na huo ndio ukawa mji wa Tauromenion. Taormina ipo juu kwa ajili ya usalama. Mandhari ni faida iliyokuja baadaye, na miaka zaidi ya elfu mbili ikapita kabla mtu hajafikiria kuitoza pesa.

Aliyeanza kuiuza, kama inavyosimuliwa pale, ni mchoraji wa Kijerumani aitwaye Otto Geleng, aliyefika mwaka 1863. Alichora Etna, mlima wa volkano ulio jirani, ukiwa na theluji kileleni huku milozi ikichanua maua mbele yake, akapeleka picha Ulaya. Wakosoaji wakamwambia anatunga, theluji na maua havikai pamoja. Akawajibu waje waone kwa macho yao. Wakaja, reli nayo ikafika, hoteli ya kwanza ikafunguliwa miaka ya 1870, na wenye nafasi zao kutoka Uingereza na Ujerumani wakaanza kumiminika kila majira ya baridi. Angalia hapo: walikuwa wanakwenda wakati wa baridi, Januari hadi Aprili, kukimbia ukungu wa kwao. Kwenda Julai na kulala juani ni mtindo uliokuja nyuma sana. Nami nalisema hili kwa sababu mji wenyewe, kwa jinsi ulivyojengwa, haukuandaliwa kwa umati wa Julai. Wakazi wake ni kama elfu kumi tu. Barabara kuu, Corso Umberto, ina urefu wa mita 800 hivi kutoka lango la Messina hadi lango la Catania, na ifikapo saa tano asubuhi watu wanasukumana humo bega kwa bega. Meli kubwa za kitalii hutia nanga hapo ghubani Naxos na kupandisha abiria wake kwa mkupuo. Ungekuwa na uhuru wa tarehe ningekuambia Mei au mwisho wa Septemba. Lakini sherehe ni Julai, basi tuipange Julai.

Siku ya asubuhi iwe hivi. Mnapanda basi kutoka Giardini mapema, ili saa tatu, ukumbi wa kale unapofunguliwa, muwe mlangoni. Kituo cha basi kiko chini kidogo ya mji na mtakuwa na mwinuko wa kutembea hadi lango la Messina. Mama akiona tabu, siku hiyo chukueni teksi. Ukumbi huo, Teatro Antico, ulianzishwa na Wagiriki karne ya tatu kabla ya Kristo, lakini matofali mengi unayoyaona ni ya Warumi waliojenga upya. Upana wake ni kama mita 109. Ukuta wa nyuma ya jukwaa umebomoka katikati, na katika pengo hilo ndipo Etna, mlima wa zaidi ya mita 3,300, unapojitokeza pamoja na ghuba yote. Warumi walioujenga ule ukuta hawakuwaonyesha watazamaji wao mandhari hiyo. Mnaipata ninyi kwa sababu umebomoka. Mama hana haja ya kupanda mpaka safu za juu kabisa, akikaa safu za chini bado anaona. Jambo moja la kujiandaa nalo: kiangazi ukumbi huo unatumika kwa matamasha ya usiku, kwa hiyo huenda mkakuta vyuma na taa za jukwaa vimeziba sehemu ya pengo. Wengi hukasirika. Ni ukumbi ambao bado unafanya kazi yake, mimi sioni ubaya.

Mkitoka hapo, kabla jua halijachachamaa, mpeleke mama kwenye bustani ya umma, Villa Comunale. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya Taormina kwa mtu mzima, na hailipiwi. Ilitengenezwa na mwanamke wa Kiingereza, Florence Trevelyan, aliyehamia hapo karne ya 19, akaolewa na daktari wa mji ambaye pia alikuwa meya. Alipanda miti kutoka nchi mbalimbali na kujengesha vijumba vya ajabu ajabu vya mawe, matofali na mbao, vya kukaa na kutazama ndege. Kuna vivuli, mabenchi, upepo, na Etna ile ile. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyenunua Isola Bella mwaka 1890, kile kisiwa kidogo kinachoonekana kwenye kila picha, na leo ni hifadhi ya asili.

Kuhusu kisiwa hicho: kukitazama kutoka juu, ndiyo, kuna sehemu ya kusimama barabarani. Kukiendea na mama, achaneni nako. Ngazi za kushuka kutoka barabarani ni nyingi, na ufukwe wake ni wa kokoto zinazoteleza. Wewe ukitaka, nenda peke yako asubuhi huku mama akipumzika. Alasiri usiende, kwa sababu upande ule wote unatazama mashariki na jabali linazuia jua mapema. Watu wanashangaa saa kumi na moja jioni wako kivulini na miavuli waliyoilipia.

Sasa bahari yenyewe, maana wewe ni mtu wa Tanga na utaipima kwa macho ya Tanga. Kwanza, haipwi. Bahari ya Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi, tofauti ya maji ni kiasi kidogo ambacho mgeni hakioni. Hamtahitaji kuuliza maji yanajaa saa ngapi, na hamtaona watu wakitembea mbali kwenye mwamba kutafuta pweza. Pili, inazama ghafla. Hatua chache na maji yako kifuani, hasa Mazzarò na Isola Bella. Naxos kuna nafuu, chini ni mchanganyiko wa mchanga na changarawe na kina kinaongezeka taratibu. Nunueni viatu vya majini vya mpira, vinauzwa kila duka la ufukweni. Tatu, ni ya chumvi kuliko yetu, na ikiingia machoni utaona inavyowasha. Joto la maji Julai ni zuri, kama nyuzi 25. Siku nyingine yavuyavu wanasogea ufukweni. Mkiona wenyeji wamesimama ukingoni hawaingii, na ninyi msiingie.

Sehemu kubwa ya fukwe imegawanywa kwa wafanyabiashara wanaokodisha vitanda na miavuli kwa siku, na safu ya mbele ni ghali zaidi. Katikati yake huwa kuna vipande vya bure ambavyo unaweka taulo lako na kukaa. Kwa mama kodini kitanda, kukaa chini kwenye changarawe na kuinuka tena ni adhabu kwa magoti. Akikaa na dera lake na mtandio hakuna atakayemuuliza kitu. Vijana wanaopita wakiuza mikoba na miwani yenye nembo za makampuni makubwa, wengi wao ni Waafrika wenzetu wa Magharibi. Wasalimieni, lakini msinunue bidhaa bandia: sheria ya Italia inamtoza faini mnunuzi pia, si muuzaji peke yake.

Kuhusu chakula, habari ni njema kuliko unavyodhani, ikiwa mtakubali kula samaki na mboga. Mikahawa ya halali siwezi kukuahidi kwa Taormina wala Giardini. Catania, mji mkubwa ulio chini ya saa moja kwa treni, una jamii ya Kiislamu, maduka ya nyama halali na msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2012. Huku mtakapokuwa, tafuteni pasta alla Norma, ambayo ni bilingani za kukaanga, nyanya na jibini kavu ya ricotta. Kuna samaki upanga wa kuchoma, dagaa wa kujazwa, na caponata, mchanganyiko wa bilingani wenye siki na sukari ambao mama ataupenda, maana una ladha ya achari. Yale madonge ya wali ya kukaanga, arancini, mengi yana nyama ndani na nyama hiyo mara nyingi ina nguruwe. Ulizeni ya spinachi au ya bilingani.

Mtego uko kwenye vitu vitamu. Ganda la cannoli, kwa mapishi ya asili, linatiwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Baadhi ya mikate laini ya asubuhi nayo hutiwa mafuta hayo. Neno la kuuliza ni strutto. Ukiuliza, watakujibu bila kuona ajabu, kwa sababu hata Wataliani wasiokula nyama wanauliza. Kilicho salama na kitamu kuliko vyote ni granita, barafu iliyosagwa na lozi, limau au kahawa, na pale watu wanaila asubuhi kama kifungua kinywa. Chagueni ya lozi.

Na hapa mama atafurahi kusikia habari nyingine. Kilimo cha ndimu, malimau na miwa kisiwani humo kilistawishwa na Waislamu waliotoka Ifriqiya, Tunisia ya leo, walioanza kuiteka Sicily mwaka 827. Taormina ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho za Wabizanti, Wakristo waliokuwa wakikitawala kisiwa, kuanguka. Amiri Ibrahim wa Pili wa nasaba ya Aghlabi aliiteka tarehe 1 Agosti 902, miaka 75 baada ya vita kuanza, na kwa ukali mkubwa, hilo lisifichwe. Ilipotekwa tena mwaka 962 baada ya kuasi, ikaitwa al-Mu'izziyya kwa jina la khalifa wa Kifatimi, al-Mu'izz. Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, wakaichukua mwaka 1079. Mkiingia lango la Messina, jengo la mawe lililo karibu hapo, Palazzo Corvaja, limejengwa kuuzunguka mnara wa zama za Waarabu. Bunge la Sicily lilikutana humo mwaka 1411. Watalii wengi wanalipita wakikimbilia duka la aiskrimu.

Siku ya jioni pandeni kama saa kumi na moja na nusu. Makundi ya meli yanakuwa yameshuka, jua limejificha nyuma ya mlima, na wenyeji wanatoka kutembea. Corso Umberto yenyewe ni karibu tambarare, mama ataimudu kwa mapumziko. Vichochoro vya pembeni ndivyo vyenye ngazi. Nendeni mpaka Piazza IX Aprile, uwanja wenye sakafu ya miraba myeupe na myeusi, uliojitokeza kama kibaraza juu ya ghuba. Kukaa kwenye viti vya mikahawa ya hapo ni ghali, na juu ya bei ya kinywaji kuna ada ya meza. Ukingoni kuna mabenchi ya bure yenye mandhari ileile. Maghribi mwanzoni mwa Julai ni kama saa mbili na dakika ishirini usiku na Isha inachelewa sana, kwa hiyo panga chakula cha jioni katikati. Jikoni nyingi hazifunguki kabla ya saa moja na nusu. Mwezi Mei 2017 viongozi wa nchi saba tajiri walikutana katika mji huu, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa miongoni mwa viongozi wa Afrika walioalikwa kikao cha siku ya pili. Mama akipata picha hapo, ana la kuwaambia majirani wa Mombasa.

Etna yenyewe msiipande. Safari ya siku nzima, baridi kule juu hata Julai, majivu yanayoteleza. Mtaiona kila asubuhi kutoka Giardini, na ikiwa na hasira, usiku mtaona wekundu kileleni.

Umeuliza ndege au namna nyingine. Ndege kutoka Roma hadi Catania ni kama saa moja na robo, kisha basi kutoka uwanjani. Mimi, kwa wakati wa kwenda, ningempandisha mama treni. Inatoka Roma Termini asubuhi na kufika jioni, siku nzima karibu, lakini ikifika Villa San Giovanni mabehewa yanakatwa vipande na kuingizwa ndani ya kivuko pamoja na abiria wake, na treni inavuka Mlango wa Messina juu ya maji. Ni sehemu chache sana duniani ambako bado jambo hilo linafanyika. Anayetaka hupanda sitahani kupunga upepo. Asiyetaka ngazi hukaa kwenye kiti chake. Hakikisheni tiketi ni ya treni inayokwenda Siracusa, kwa sababu upande wa pili nyingine huelekea Palermo na haifiki kwenu. Kituo chenu kinaitwa Taormina-Giardini, kiko chini, kando ya bahari, na hiyo ni sababu nyingine ya kulala chini: mnashuka na mizigo na teksi ni ya dakika chache.

Viza haiongezeki. Viza ya Schengen mtakayopewa na ubalozi wa Italia inafika mpaka Sicily. Ombeni mapema, dirisha linafunguliwa miezi sita kabla ya safari. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Kwenye ratiba mnayowasilisha andikeni na hizo siku nne za Giardini pamoja na uthibitisho wa hoteli, msiseme Roma tu. Hotelini mtatozwa kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku. Wekeni pesa taslimu kwa ajili yake.

Kwa kurudi, pandeni ndege Catania hadi Roma ili mama asichoke mara mbili. Ila msiipange siku hiyohiyo ya kuruka kurudi Dar. Etna ikitema majivu, uwanja wa Catania hufungwa au hupunguza safari kwa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi, na shirika lenye ndege yenu ya Dar halitawasubiri kama tiketi mlizinunua mbalimbali. Rudini Roma siku moja kabla, mkalale kwa mdogo wenu.